Safari ya Majini Huanza Nchi Kavu

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Usemi huo husikika zaidi pwani, kwa watu wa majahazi, lakini unawafaa vile vile wakazi wa Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima, ambao huyaona maji kwa mbali, chini mabondeni, na kudhani kwamba wanayajua.

Kila siku maelfu ya wasafiri hupanda na kushuka mabasi katika kituo cha Nyabugogo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Nyabugogo, kabla ya kuwa jina la kituo, ni jina la mto. Mto huo hutoka katika Ziwa Muhazi, mashariki ya mji, hupita katika bonde lenye majimaji, kisha hujimwaga katika Nyabarongo upande wa magharibi. Nyabarongo nao huuzunguka mji kwa magharibi na kusini, ukiwa mwekundu kwa udongo wa vilima uliochukuliwa na mvua, kisha hushika njia ya Bugesera. Kwa hiyo mkazi wa Kigali hakai mbali na maji hata kidogo. Lililobaki ni kujua kama maji hayo yanaweza kumpa likizo, na kwa masharti gani.

Msomaji na achukue mfano wa nyumba moja ya Kicukiro. Baba ni sajini wa polisi, mama ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto ni watatu, na pamoja nao anaishi bibi, mama mzazi wa mke. Sajini amepewa likizo ya siku 10 mwezi wa Agosti, wakati watoto hawaendi shule. Usiku mmoja, kijana wa kwanza, mwenye umri wa miaka 14, anatazama filamu ya familia ya Ufaransa iliyokaa wiki nzima ndani ya mashua, ikipika humo, ikilala humo, na kupita polepole kati ya mashamba ya mizabibu. Kijana anamgeukia baba yake na kuuliza: kwa nini nao wasichukue mtumbwi, wakaingia Nyabarongo na kuteremka mpaka Ziwa Viktoria?

Baba anacheka kwanza. Lakini askari hakatai jambo kabla ya kulichunguza. Basi anaitandaza ramani mezani.

MIFEREJI YA ULAYA

Kile alichokiona kijana si uongo. Ufaransa kuna mfereji uitwao Canal du Midi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 240, uliochimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681 katika enzi ya Mfalme Louis wa 14. Aliyeusimamia, Pierre-Paul Riquet, alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla ya kazi yake kukamilika. Mfereji huo ulikusudiwa kubeba ngano, divai na mizigo mingine. Baadaye reli ilikuja ikaichukua mizigo, na baada ya reli yakaja malori. Mfereji ukabaki bila kazi, ndipo wakapatikana watu wa likizo. Uingereza nayo ina mifereji ya namna hiyo, iliyochimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe na ambayo leo hupitwa na familia zilizo mapumzikoni.

Jambo la kuangalia ni jinsi mifereji hiyo inavyopanda na kushuka vilima. Mahali penye mteremko hujengwa chumba cha mawe chenye milango miwili, mmoja juu na mmoja chini. Chombo kikiingia, mlango hufungwa nyuma yake, na maji huongezwa au hupunguzwa mpaka yalingane na yale ya upande wa pili. Kisha mlango wa mbele hufunguliwa na chombo kikaendelea na safari. Katika mfereji wa namna hiyo hapana mkondo wenye nguvu, hapana mamba, na kina cha maji ni kidogo. Mwendo wenyewe ni kama wa mtu anayetembea kwa haraka. Kwa sababu hiyo familia isiyojua ubaharia huweza kukabidhiwa mashua baada ya maelezo mafupi tu.

Kwa maneno mengine, wenzetu wa Ulaya hawaendi likizo katika mto wa porini. Huenda katika maji yaliyofugwa kwa miaka 300. Hilo ndilo ambalo filamu haikumwambia kijana.

MTO USIOTAKA CHOMBO

Nyabarongo haukufugwa. Huanzia kusini-magharibi ya Rwanda, pale inapokutana mito ya Mbirurume na Mwogo, na kati ya mito inayoulisha Mwogo umo Rukarara, utokao katika msitu wa Nyungwe. Kwanza hukimbilia kaskazini kati ya milima. Hupokea mto Mukungwa. Kisha hugeuka na kushuka kuelekea Kigali. Kusini ya mji hukutana na Akanyaru, huingia katika mabwawa ya mafunjo na maziwa ya Bugesera, na karibu na Ziwa Rweru hubadilika jina na kuwa Akagera. Akagera hufuata mpaka wa Burundi, kisha mpaka wa Tanzania, huanguka katika maporomoko ya Rusumo, hupita kando ya hifadhi inayoitwa kwa jina lake, na mwishowe hujimwaga katika Ziwa Viktoria. Kutoka huko maji hayo huingia mto Naili na kwenda mpaka Misri.

Mjerumani Richard Kandt, ambaye mwaka 1907 aliianzisha Kigali kama kituo cha utawala, alikwisha kuufuata mto huo mwaka 1898 akitafuta chanzo cha Naili. Mwaka 2006 kundi dogo la wasafiri kutoka Uingereza na New Zealand lilifika Nyungwe baada ya kupanda Naili yote kwa boti ndogo za mpira zenye injini. Safari hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 2005, walipokuwa Uganda, walishambuliwa na waasi, na mwenzao mmoja akauawa. Ikiwa watu wenye injini, ujuzi na fedha walilipa gharama hiyo, familia ya watu sita ndani ya mtumbwi mmoja haina budi kufikiri mara mbili.

Sajini anakiweka kidole chake kwenye ramani na kuwahesabia watoto vizuizi. Cha kwanza ni mabwawa ya umeme. Lile la Mushishiro, wilayani Muhanga, lilianza kazi mwaka 2014, na pale Rusumo umejengwa mtambo wa pamoja wa Rwanda, Burundi na Tanzania wenye uwezo wa megawati 80. Mabwawa hayo hayana vyumba vya milango miwili vya kupitishia mashua. Kizuizi cha pili ni mafunjo na magugumaji, ambayo huifunga njia kiasi kwamba aliyepita jana huenda asipite leo. Cha tatu ni mamba na viboko. Kiboko hali nyama, lakini humpindua mwanadamu aliyeingia kati yake na maji marefu. Cha nne ni mipaka. Mto unaotenganisha nchi mbili ni mahali pa kazi kwa askari, si mahali pa kuchezea mtoto wa askari. Na Burundi iliufunga mpaka wake na Rwanda mwezi Januari 2024.

Watoto wanasikiliza, lakini kijana mkubwa hajaridhika. Anasema kwamba angalau wangeweza kuanzia daraja la barabara ya Muhanga mpaka lile la Bugesera, mwendo mfupi tu, kwa mtumbwi wa mvuvi.

NENO LA BIBI

Hapo ndipo bibi, aliyekuwa akichambua mboga bila kusema neno, anapoliweka sinia chini. Anamwambia mkwewe kwa upole kwamba watoto wakitaka kwenda majini, na waende. Lakini yeye katika mto ule hatapanda chombo, wala asingependa kuwaona wajukuu wake wakiuteremka kwa kuimba.

Watu wazima wa nyumba hiyo wanajua sababu, na watoto wanaijua nusu. Tarehe 22 Novemba 1992, katika mkutano wa hadhara huko Kabaya, Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya Nyabarongo. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliua watu zaidi ya milioni moja, maneno hayo yaligeuzwa kuwa vitendo. Watu walitupwa katika Nyabarongo na Akanyaru, na mto ukawachukua. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Rwanda mwaka 2016.

Mwezi Mei 1994 wavuvi wa Uganda walianza kuwaona marehemu wakielea katika Ziwa Viktoria. Wanavijiji waliwatoa majini na kuwazika. Leo yako makaburi ya kumbukumbu katika sehemu tatu za mwambao wa Uganda, yaani Kasensero, Lambu na Ggolo, na humo wamelala zaidi ya watu 10,000. Bibi huyu alizaliwa Bugesera. Alikuwa na kaka wawili. Hajui kama wako kati ya hao 10,000, au kama mto uliwaacha mahali pengine.

Kila mwaka, katika siku za kumbukumbu, watu hukusanyika kando ya mito na maziwa ya Rwanda na kuyatupia maua maji. Hiyo ndiyo safari ambayo bibi huifanya Nyabarongo, na kwake inatosha.

Mezani panakuwa kimya. Kisha bibi mwenyewe anakivunja kimya hicho. Anasema kwamba hakusudii kuwafanya wajukuu wayaogope maji. Nchi hii, anasema, ina maji kila upande, na watoto wake watatu waliozaliwa milimani hawajui kuogelea hata mmoja. Akiwarithisha hofu yake, atakuwa amewaongezea hatari juu ya huzuni. Watafutiwe maji mengine, na kabla ya yote wafundishwe kuogelea.

MAJI MATATU

Ndugu msomaji, neno la bibi ndilo linalopaswa kuutangulia kila mpango wa likizo ya majini. Anayepanga asianze kwa kuuliza yeye anataka kwenda wapi. Aulize kwanza maji yanaruhusu nini, na watu wa nyumbani kwake wanaweza kubeba nini. Kutoka Kigali yako maji matatu yanayofaa kufikiriwa.

La kwanza ni Ziwa Muhazi. Mwendo wa kama saa moja kwa gari humfikisha mtu kwenye ufuko wake. Likitazamwa katika ramani, ziwa hilo ni refu na jembamba, lenye matawi kila upande, kwa sababu ni bonde la mto lililojaa maji. Hilo ndilo lililo karibu zaidi na mifereji ya Ulaya: maji yaliyotulia, ng'ambo inaonekana, na pande zote mbili kuna mashamba ya migomba na ng'ombe wanaoletwa kunywa. Wanavijiji huvuka kwa mitumbwi kwenda sokoni. Kwa familia isiyojua maji, Muhazi ndiyo shule ya chekechea. Lakini penye majani mengi na konokono mtu asioge, maana ndiko unakoambukizwa ugonjwa wa kichocho.

La pili ni Ziwa Ihema, katika Hifadhi ya Akagera. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1934, ikapunguzwa eneo mwaka 1997 ili kuwapatia ardhi wakimbizi waliorejea nchini, na tangu mwaka 2010 husimamiwa kwa ubia wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks. Simba walirudishwa mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Ziwani hutembezwa wageni kwa boti za hifadhi zenye nahodha wake, na hapo mtoto huwaona viboko, mamba, tai wavuvi na mnandi akiwa ameketi mahali salama. Maji ya ziwa hilo ni jamaa ya Nyabarongo, na hayafai kuogwa kabisa. Kiingilio na nauli ya boti hulipwa mbali mbali, kwa hiyo ni vizuri kuuliza bei zote mbili kabla ya kuahidi watoto. Chandarua na dawa ya mbu visisahaulike.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni Ziwa Kivu. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika karibu mita 480. Halina mamba wala viboko. Barabara ya Kigali kwenda Karongi hupita Muhanga, kisha hupanda milima inayoigawa Afrika: mvua inyeshayo upande mmoja huenda Naili na bahari ya Mediterania, na inyeshayo upande wa pili huingia Kivu, mto Rusizi, Ziwa Tanganyika na mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Karongi, mji ambao wazee bado huuita Kibuye, umekaa kati ya ghuba na visiwa vidogo vidogo. Mitumbwi ya injini huwapeleka wageni katika kisiwa cha Amahoro na kile cha Napoleon, kilichopewa jina hilo kwa kufanana na kofia ya jenerali huyo wa Ufaransa, na ambamo wamo popo wengi wasiohesabika.

Jioni wavuvi wa dagaa waitwao sambaza hutoka kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo. Samaki hao si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila mwaka uvuvi hufungwa kwa muda ili wazaane, kwa hiyo atakayetaka kuziona taa za wavuvi aulize kwanza.

Kivu nalo lina siri zake. Chini kabisa ya maji yake imo gesi ya methani pamoja na hewa ya kaboni. Tangu mwaka 2016 methani hiyo hutolewa karibu na Karongi kuzalisha umeme. Sehemu nyingine za mwambao wa kaskazini, upande wa Goma na Rubavu, gesi hutoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo humwua mtu bila harufu wala kelele. Mgeni asiogelee wala asilaze watoto mahali ambapo wenyeji hawapatumii. Tena fukwe za Kivu hushuka ghafula: hatua tatu maji ya kiunoni, hatua ya nne hapana ardhi. Na mpaka wa Kongo umepita katikati ya ziwa. Nahodha ndiye ajuaye mahali pa kugeuzia.

Hapana budi kusema pia kwamba Kivu si maji yasiyo na kumbukumbu. Kanisa lililo juu ya rasi ya Kibuye lilikuwa mahali pa mauaji mwaka 1994, na vilima vya Bisesero, ambako Watutsi walipambana na wauaji wao kwa mawe na fimbo, haviko mbali. Bibi anayajua hayo. Anasema kwamba akitafuta maji ya Rwanda yasiyo na marehemu, atakufa akiwa bado anatafuta. Tofauti ni kwamba Kivu watoto watajifunza kuogelea.

CHEO HAKIELEI

Sasa linakuja jambo ambalo ni kubwa kuliko uchaguzi wa ziwa. Mwezi Januari 2024 mtumbwi uliojaa watu kupita kiasi ulizama katika Ziwa Mugesera, mkoa wa Mashariki, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo, meli iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kufika Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri, na makumi ya abiria wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Tanzania. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Misiba hiyo mitatu ina sura moja. Si dhoruba kubwa iliyoua. Ni hesabu ya vichwa iliyopuuzwa. Na viwili kati ya vyombo hivyo vilikuwa karibu kabisa na nchi kavu, mahali ambapo abiria hujiona amekwisha kufika.

Hapa familia za askari zina wajibu wa pekee. Mtu mwenye cheo huweza kumshawishi nahodha aongeze abiria wawili, au aondoke upepo ukiwa umekwisha kuanza, kwa sababu afande ana haraka. Nahodha ataona haya kumkatalia. Lakini mawimbi hayapigi saluti. Ndani ya chombo afande ni nahodha, na jenerali ni abiria. Askari anayejiheshimu ndiye awe wa kwanza kuuliza chombo hiki kinaruhusiwa kubeba wangapi, na wa kwanza kushuka kikizidi, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Kila abiria avae jaketi okozi, yaani lile la kumwelesha mtu majini, tangu gatini mpaka gatini. Jaketi lililokaliwa au kuwekwa chini ya benchi halijapata kumwokoa mtu. Kulipima la mtoto ni kazi rahisi: akishalifunga, shika mabega ya jaketi na uyavute juu, likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, na majini litamtoka. Mama asimfunge mtoto mchanga mgongoni kwa kitenge ndani ya chombo. Amkalishe mbele yake, kila mmoja na jaketi lake. Kama hapana jaketi la kumtosha mtoto, basi mtoto huyo ana siku nyingine. Askari aliyevaa buti alegeze kamba au azivue kabisa. Chombo kikikaribia gati, watu wote wasikimbilie upande mmoja. Wakae mpaka waambiwe wainuke.

Na saa ya kusafiri ni asubuhi. Mara nyingi Kivu hutulia alfajiri, kisha upepo wa mchana huamsha mawimbi. Mpango unaomweka mtoto ziwani saa kumi ya jioni ni mpango uliofanywa na mtu aliyekaa Kigali.

MFUKO WA MAMA

Akina mama wanajua kwamba likizo huharibika kwa vitu vidogo. Mke wa sajini anachukua daftari na kugawa fedha katika mafungu matatu: nauli na chombo, malazi na chakula, na fungu la tatu lisiloguswa, la dharura. Hata kama fedha ziko kwenye simu, kiasi kidogo kiwe mkononi, maana simu ikilowa na pochi imelowa pamoja nayo.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo msafiri asitegemee kufunga nguo humo zisilowe. Ndoo ndogo yenye kifuniko kinachobana, au kidumu kilichokatwa mdomo na kuzibwa vizuri, vitahifadhi vitambulisho, dawa, kiberiti na nguo moja kavu ya kila mtoto. Aongeze filimbi, kamba ya mita 10, tochi, maji ya kunywa, chumvi na sukari za kutengenezea maji ya kuzuia kuishiwa nguvu mtoto akiharisha, pamoja na kofia, kwa kuwa jua la ziwani huchoma mara mbili: kutoka juu, na kutoka majini.

Chakula cha chomboni kiwe kikavu na kisichochafua: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, karanga, ndizi mbivu. Sambaza wa kukaanga waliwe ufukoni baada ya safari, wakiwa wa moto, kwa ndimu na ugali wa muhogo. Jumamosi ya mwisho ya mwezi isipangiwe safari ya asubuhi, kwa sababu ya kazi ya umuganda. Anayeondoka Kigali siku hiyo atakaa kituoni mpaka saa tano hivi. Majira ya masika, toka Machi mpaka Mei, nayo yaepukwe: barabara za milimani huanguka na mito hufura.

DAFTARI

Basi mpango unaandikwa. Majuma mawili kabla ya likizo, kila Jumapili, watoto watapelekwa katika bwawa la kuogelea mjini wakaanze kujifunza kuelea na kupumua. Hawatakuwa mabingwa, bali wataacha kupaparika. Siku ya kwanza ya likizo ni Muhazi, saa mbili tu ndani ya mtumbwi, kuona nani anaogopa na nani anatapika. Siku ya pili ni ya mapumziko na kufunga mizigo. Siku ya tatu ni basi la kwenda Karongi. Huko watakaa siku tano, na katika hizo asubuhi mbili tu ni za chombo. Nyingine ni za kuogelea mahali ambapo wenyeji huogelea, na moja ni ya kwenda na bibi kwenye kumbukumbu ya Kibuye, watoto wote wakiwamo, kwa kuwa mkubwa amefika umri wa kuijua nusu ya pili ya habari. Siku mbili za mwisho ni za kurudi na kufua nguo. Akagera inabaki kwa mwaka ujao, fedha zikiruhusu.

Safari ya Ziwa Viktoria haikuandikwa. Kijana hakulalamika tena. Aliuliza tu kama barabara ya Karongi inauvuka ule mto. Sajini akamjibu kwamba inauvuka, mara tu mtu anapotoka Kigali, na hapana njia ya kuukwepa.

Kwa hiyo, mbele ya siku ya tatu, mama akaongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu ya mwalimu. Bibi ndiye aliyeuomba, naye hakuomba kingine katika likizo yote: basi litakapofika katika daraja la Nyabarongo, watoto waache mazungumzo, wavue kofia, na wanyamaze mpaka livuke. Baada ya hapo, alisema bibi, wanaweza kuimba mpaka Karongi.